Historia ya Marta Kaaya, Aliyehesabu Nzi Weupe

Mchungaji, wazee wa ukoo, shikamooni, ndugu zetu mliotoka Kimandolu, majirani wa mfereji wa Nkoalarue na wageni wote mlioketi chini ya turubai hili, mimi naitwa Yoeli Kaaya, mdogo wake marehemu Philemoni Kaaya, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu, Marta Meshack Kaaya, ambaye mwili wake uko hapa mbele yetu. Nimepewa dakika kumi. Kamati ya mazishi ilinipatia pia karatasi ya ukurasa mmoja, imechapwa vizuri, inasema marehemu alikuwa mcheshi na aliishi na watu wote kwa upendo, nikaisoma jana jioni, nikaikunja, nikaandika hii nyingine kwa mkono wangu, kwa sababu marehemu hakuwa mcheshi, na mambo tuliyomfanyia miaka hii ya mwisho hayafanani na upendo wa aina yoyote ninayoifahamu. Kama nitazidisha dakika, Mchungaji, naomba univumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1960 huko Kimandolu, wakati Kimandolu ingali migomba, kahawa na mazizi ya ng'ombe, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Meshack na mama Nkasiogi, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwezi Desemba mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1974. Ndugu zake wanasimulia kwamba tangu mdogo alikuwa mtoto wa maneno machache na maswali mengi, akiambiwa jambo hulikubali baada ya kwenda kuliangalia mwenyewe, tabia ambayo ilimpatia viboko vingi utotoni na, kama mtakavyosikia, maadui wengi ukubwani.

Alianza shule ya msingi hapohapo Kimandolu mwaka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, akaendelea na sekondari mjini Arusha kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha kilimo mwaka 1979 na kuhitimu cheti mwaka 1981, akiwa mmoja wa wasichana watatu katika darasa la wavulana arobaini. Mwezi Januari 1982 aliajiriwa kama bibi shamba, akazunguka kata mbalimbali za huku Meru kwa miguu na baadaye kwa baiskeli, mpaka Julai 1989 alipohamishiwa kituo kimoja cha utafiti wa mboga nje kidogo ya mji, akiwa msaidizi wa utafiti, kazi aliyoifanya bila kukatiza hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2020.

Watu wengi hapa hamjui alikuwa akifanya nini huko kituoni, mlijua tu kwamba ana kazi ya serikali na ana viatu vya mpira, kwa hiyo nitasema. Kwa miaka thelathini na miezi minane shemeji yangu aliingia katika mashamba ya nyanya kabla jua halijapanda, wakati umande bado unawazuia wadudu kuruka, akashika jani kwa ncha ya vidole, akaligeuza taratibu, akahesabu nzi weupe waliokaa upande wa chini, akaandika idadi, akahamia mche mwingine. Nzi mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka, nikamuuliza mbele ya kaka yangu kama kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kuhesabu nzi, naye akanijibu kwamba yupo, na kwamba hata hivyo hatoshi, wanahitajika wengine. Nikacheka zaidi. Leo sioni kilichonichekesha.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Philemoni Kaaya, fundi seremala, katika usharika huuhuu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Oscar, aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye ni mwalimu huko Mwanza, na Hope, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye ni muuguzi. Ameacha pia wajukuu wanne. Kaka yangu Philemoni alifariki dunia tarehe 9 Agosti 2011, akazikwa hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kaburi la leo limechimbwa ubavuni mwake kama marehemu alivyoagiza. Ndoa yao ilikuwa ya utulivu, hatukuwahi kuitwa kusuluhisha, na jambo pekee ambalo kaka alilalamikia ni kwamba mke wake hakuweza kupita kwenye bustani ya mtu bila kuinama.

Baada ya kustaafu marehemu alihamia hapa moja kwa moja, akalima ekari moja ya nyanya kando ya mfereji, akaingia katika orodha ya zamu za maji kama mkulima mwingine yeyote. Wenyewe mnakumbuka mwaka ule hali ilivyokuwa. Nyanya zetu zilikuwa na ule ugonjwa tunaouita rasta, majani ya juu yanajikunja na kusimama kama kikombe, yanageuka njano pembeni, mche unadumaa, maua yanapukutika, na kama kuna tunda basi ni la ukubwa wa ndulele. Tulikuwa tumeshasema yote ya kusema. Wengine walisema ni mbegu feki, wengine mbolea, wengine jua la siku hizi, na jirani yangu Ludovick, ambaye yuko hapa na anajua nampenda, alikuwa akichanganya dawa nne katika bomba moja, akiongeza na sabuni ya unga, akipuliza kila baada ya siku tatu mpaka hata buibui na wale wadudu wekundu wenye madoa wakaisha shambani kwake, na nzi weupe wakabaki peke yao, wamenona. Ukigusa mche wanainuka kama unga uliopeperushwa, wanakuingia mdomoni, wanakuingia masikioni, na majani chini yake yana utomvu mtamu uliooza na kuwa mweusi. Ni uchafu. Sina neno lingine, ni uchafu, na tuliishi nao na kuuita kilimo.

Mwezi Februari 2021 marehemu aliomba kikao, tukakutana pale kwenye banio, maji yanapogawanywa, na mwenyekiti wetu wa mfereji, mzee Saning'o, akampa nafasi. Hakuzungumza robo saa. Alisema kwamba rasta inasababishwa na kirusi, kwamba mche haupati kirusi hicho kwa mikono wala kwa kisu wala kwa mbegu, kinabebwa na nzi mweupe anayenyonya maji ya mche unaoumwa kisha akahamia mche mzima, na akishakibeba atakibeba mpaka afe. Akasema nzi huyo anatoka wapi kila msimu, na akanyoosha kidole, wote tukageuka kutazama, na pale kilipoelekea palikuwa na mashamba yetu wenyewe, yaliyokwisha kuvunwa, miche ya zamani imesimama, imejikunja, imesahauliwa, ina matunda mawili matatu ya kuchumia mboga, na hatua kumi tu pembeni yake miche mipya iliyopandwa wiki ile. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyo. "Nzi haumwi. Nyanya ndiyo inayoumwa, yeye anabeba tu. Msipoondoa nyanya inayoumwa, mtapuliza dawa mpaka mfe ninyi, yeye mtamwacha hapa."

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja. Kila mwaka, kuanzia katikati ya Januari, mfereji mzima ung'oe nyanya zote, uzichome, usafishe magugu ya mipakani ambako kirusi hujificha, na kwa wiki nane pasiwe na mche hata mmoja wa nyanya uliosimama, ili nzi waliobeba ugonjwa wafe bila kuuacha popote, huku miche mipya ikikuzwa ndani ya neti katika kitalu kimoja cha pamoja. Si dawa, si mashine, si fedha za mfadhili. Lakini kilikuwa na sharti moja baya kwetu, kwamba lazima wote, akibaki mmoja ni sawa na kutofanya.

Mlimjibu nini? Mlisema huyu ni mtu wa kuja, Mwarusha wa mjini, amezoea nyanya za kwenye vyungu. Mwaka 2022 nusu yetu tuling'oa na nusu hamkung'oa, na rasta ikala wote bila kubagua, kisha wale ambao hawakung'oa wakasema mnaona, njia yake haifai. Mwanamke huyu alikwenda nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa Ludovick mara sita, mara ya sita akamkuta amejifungia ndani na redio inaimba, akakaa kwenye ngazi mpaka betri ikaisha. Mwaka 2023 mzee Saning'o akapitisha kwamba asiyeng'oa hapewi zamu ya maji, na mimi nikachaguliwa kuwa katibu wa kukagua mashamba, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe wakulima tukaona bonde zima halina nyanya, jekundu tupu la udongo, na watu wakanung'unika kwamba limekaa kama limelaaniwa. Mlichovuna mwaka huo mnakijua. Mwaka 2024 tena mnakijua. Paa mpya ninazoziona kutoka hapa nilipo zimetoka kwenye zile wiki nane, na sikumbuki mtu aliyekwenda kumwambia asante, labda jirani yetu Mika, ambaye alimpelekea kuku.

Sasa nafika mwaka 2025, na hapa ndipo ile karatasi ya kamati iliposema kwamba marehemu aliendelea kushirikiana vema na jamii. Januari ya mwaka huo mvua ziliharibu nyanya za kwingine, soko likapanda, madalali wakaanza kutoka sokoni Kwa Mrombo na kuja mpaka mlangoni, na kila mtu akagundua ghafla kwamba ana mistari miwili ya kula nyumbani ambayo haiwezi kumdhuru mtu. Mistari miwili nyuma ya mahindi. Mistari miwili nyuma ya choo. Mimi, Yoeli, katibu wa kukagua, nilikuwa na robo ekari nzima nyuma ya migomba yangu, na siku ya ukaguzi niliandika katika daftari la mfereji kwamba mashamba yote ni safi, nikatia sahihi, na wino ulikuwa haujakauka nilipokwenda kuchuma.

Marehemu alinikuta huko. Alipita kwenye migomba asubuhi mapema, hakunisalimia, akainama, akageuza jani moja, akasimama. Akaniambia, "Shemeji, ishirini na nne, jani moja." Kisha akaondoka. Hakunipeleka kwenye kikao, hakumwambia mzee Saning'o, nadhani kwa sababu mimi ni mdogo wa mume wake na alibeba heshima ya nyumba hii kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Kufikia mwezi Mei rasta ilikuwa imerudi katika mfereji mzima, ekari yake ilikwenda yote, na kwenye kikao watu wakamuuliza yeye, si mimi, kwa nini njia yake imeshindwa. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nikafungua soda. Najionea kinyaa, ndugu zangu, na nimeona afadhali nikiseme kinyaa hicho yeye akiwa bado juu ya ardhi, kuliko kungoja afukiwe.

Pamoja na hayo hakuacha. Mwezi Novemba 2025 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, akapewa dawa na kuambiwa apumzike, naye akapumzika kwa kutembelea mashamba machache zaidi. Alituomba tuanze upya, tukapanga Jumanne tarehe 13 Januari 2026 iwe siku ya kung'oa, na miche ya kitalu iwe tayari mwezi Machi. Alhamisi tarehe 8, akiwa katika ukaguzi wake, alianguka kwenye kijia kilicho kati ya shamba la Ludovick na langu, akachukuliwa hospitali, madaktari wakasema ni kiharusi, na pamoja na juhudi zao zote akafariki dunia Jumatatu tarehe 12 Januari 2026, saa tano asubuhi, Hope akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Desturi yetu inajulikana, msiba ukiwa kijijini jembe halishikwi mpaka mazishi yaishe. Jumatatu hiyohiyo mchana kikao cha mfereji kilikaa kwa dakika tano na kukubaliana kwamba, kwa heshima ya marehemu, zoezi la kung'oa liahirishwe. Nimekaa katika vikao vya mfereji kwa miaka mingi na sijawahi kuona tukikubaliana haraka namna ile. Ikaanza kusemwa chini kwa chini kwamba baada ya mazishi kutakuwa na matanga, baada ya matanga itakuwa Februari, na Februari si vibaya tukasubiri bei ishuke kwanza.

Alhamisi tarehe 15, siku ya nne ya msiba, lori lilisimama njia panda ya Kikatiti na likaondoka limejaa matenga ya nyanya za mfereji wetu. Watu walitoka hapa chini ya turubai wakiwa na kanga za msiba viunoni, wakaenda wakachuma, wakapakia, wakanawa miguu, wakarudi kukaa kwenye viti hivi na kuendelea na pambio. Kuchuma hakuhitaji jembe, ndiyo maana desturi haikuguswa. Heshima ya marehemu ilituzuia kung'oa mche lakini haikutuzuia kuuvuna. Katika lori hilo matenga manne yalikuwa yangu. Na kachumbari iliyoko jikoni sasa hivi, inayongoja tumalize kuzika ili tuile, nimeiona, nyanya zake ni za hukohuko.

Leo asubuhi tulipolishusha jeneza barabarani na kulipitisha kwenye kijia kilekile alichoangukia, tuligusa miche pande zote mbili, na wale nzi wakainuka. Waliobeba mnakumbuka, tulifumba macho. Na kwa kuwa shada la kamati ya mfereji lilikuwa la maua ya njano, na hakuna rangi ambayo wadudu wale wanaipenda kama hiyo, marehemu mwenyewe alikuwa akiwatega kwa kadi za njano zenye gundi, walitua wote juu ya shada, wakalifunika, na Hope akatembea njia nzima akiwafuta kwa leso kutoka juu ya jeneza la mama yake.  

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kumhudumia kwa siku nne bila kuchoka. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, waliokuja kwa basi zima, baadhi yao wazee kuliko yeye, na ambao tangu wafike nimewaona wakitazama mashamba yetu na kuinamisha vichwa. Nawashukuru majirani kwa maji, kuni, viti na rambirambi, nawashukuru kweli, kwa sababu katika kuzika tunajua kusaidiana. Oscar na Hope, nawaomba msamaha mbele ya watu hawa, daftari la mfereji nililoandika uongo nimelikabidhi kwa mzee Saning'o leo, na ukatibu nimeuacha.

Namalizia. Nyanya, ndugu zangu, mizizi yake ni mifupi, hung'olewa kwa mkono, jembe halihusiki, tangu Jumanne halikuhusika. Leo saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwili haujafika, niliingia nyuma ya migomba yangu, nikang'oa robo ekari yote, nikairundika na kuitia moto, na mikono hii iliyoshika karatasi bado ni ya kijani, nimeisugua kwa sabuni imekataa, mnaweza kuja kuinusa. Simlazimishi mtu, sina tena cheo cha kumlazimisha. Ila tukishaweka udongo hapa, kabla ya kwenda kwenye sahani, mimi nitaelekea kwenye kile kijia nianze upande wa mpaka, na Ludovick, ndugu yangu, nitafurahi nikikuona upande wako.

Shemeji Marta, lala kwa amani. Shambani kwangu hakuna mche uliosimama.